Barza ya Mji



Wiki hii nimekwama kwenye neno. Nilitaka kuzungumzia lile jambo ambalo mji hulifanya unapowatengea watu wake mahala pa kupumzika: kipande cha ardhi, miti mitatu minne, viti, pengine pembea za watoto, na mlangoni hakuna mtu wa kukuuliza umefuata nini. Nikatafuta jina lake. Nikisema "hifadhi", msikilizaji wangu ameshafika Serengeti. "Bustani" inakaribia, ila bustani ni pia ile ya mchicha na bilingani nyuma ya nyumba. "Uwanja" umechukuliwa na mpira. Wataalamu wa mipango miji wanasema "eneo la wazi", na hilo nitalirudia baadaye kwa sababu nina ugomvi nalo.

Kwa mahala pa kutengewa, kima punju wametupita. Wale wa Jozani, tangu mwaka 2004, wana hifadhi yao ya taifa, Jozani na Ghuba ya Chwaka. Ina walinzi, ina njia zilizochongwa, ina mtu wa kukata tiketi. Kwa hivyo ofisini inajulikana wageni wangapi walikwenda kuwatizama na fedha ngapi waliacha. Sina choyo na kima. Mnyama yule ni wa kwetu Zanzibar na anastahiki kutunzwa. Ninachouliza ni hiki: jana usiku watu wangapi walikaa kwenye bustani ya Forodhani, hapa Mji Mkongwe?

Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyewakatia tiketi. Lishike swali hilo, msikilizaji, usiliache likakimbia.

Forodhani kila mtu anapajua, hata asiyewahi kuvuka bahari. Jina linatoka kwenye forodha, pale mizigo ilipokuwa ikishushwa na kulipiwa ushuru. Mwaka 1936 ikaitwa kwa Kiingereza Jubilee Gardens, kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Harub kukaa kwenye kiti. Yakaja Mapinduzi ya 1964, kibao kikabadilishwa. Watu hawakuhangaika na vibao. Bibi aliyekuwa akituma mtoto kununua miwa wakati wa Sultani alisema Forodhani, na mjukuu wake anayetumiwa ujumbe wa simu leo, "tukutane wapi?", anajibu Forodhani.

Mbele ya bustani ni bahari. Nyuma ni Ngome Kongwe na Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Kwa muda mrefu bustani yenyewe nayo ilikuwa hoi: nyasi zimekufa, taa hazipo, wauzaji wakiwasha karabai zao wenyewe, mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda. Ikafanyiwa matengenezo makubwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kwa kushirikiana na Serikali, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Picha za siku ya ufunguzi zilionyesha maua na viti vipya. Mimi ningepiga picha mifereji. Ningepiga picha ukuta wa bahari uliotengenezwa, na nyaya za umeme zilizofukiwa chini, maana huko ndiko kazi ilikokuwa. Ua hupandwa asubuhi moja, lakini mfereji wa maji machafu ukikosewa, bustani nzima inanuka na hakuna ua litakaloificha harufu hiyo.

Sasa nenda jioni, saa kumi na moja hivi, jua limeanza kulainika. Utakuta vijana wanapiga makachu. Kwa msikilizaji wa bara: makachu ni kuruka baharini kutoka juu ya ukuta, lakini ukisema "kuruka" hujasema kitu. Kijana anarudi nyuma mpaka karibu na mti, anajifuta miguu mchanga, anakimbia, nyayo zinalia pa-pa-pa juu ya sakafu, anafika ukingoni na hapo hewani kila mmoja ana lake. Huyu anajikunja kama jongoo. Yule anakwenda wima, mikono kifuani, kama aliyekwenda kusali. Wa tatu anatangulia kichwa na miguu inabaki nyuma ikitia makeke. Watu wanashangilia, watalii wanarekodi, na aliyeruka anapanda kwenye ngazi akichuruzika maji na uso wa mtu ambaye hajafanya lolote. Hakuna ofisi iliyoanzisha makachu. Haina kamati, haina mlezi, haina fulana zilizoandikwa jina la mfadhili. Mji ulitengeneza ukuta wa kuzuia bahari, watoto wa mji wakaona jukwaa.

Adhana ya Magharibi ikishatoka, meza zinawaka. Mishkaki, pweza, ngisi, mihogo, juisi ya miwa inayokamuliwa na tangawizi na ndimu, na mantabali, ambayo siku hizi imepewa jina la kigeni ikaitwa Zanzibar pizza, bei yake ikaondoka pamoja na jina. Wapishi wengine wamevaa kofia ndefu nyeupe. Wanawaita wageni kwa Kitaliani, kwa Kifaransa, kwa Kipolandi hata. Pana raha pale, sikatai.

Lakini mimi huwa natizama upande wa pili, ukutani, wanakokaa wale wasionunua. Mama mmoja niliyemwona Ijumaa iliyopita alikuja na watoto watatu na mkoba wa ukindu. Ndani ya mkoba mlikuwa na chupa ya chai, vikombe vinne vya plastiki, na mkate wa kumimina umefungwa kwenye kitambaa. Alikata mkate kwa mkono, akamimina chai, akavua viatu akaviweka ubavuni. Saa nzima alikaa anaitizama bahari. Hakutoa hata shilingi. Na hakuna aliyemwambia ondoka. Yule mama, msikilizaji, kwangu mimi ndiye bustani yenyewe. Ukitaka kujua kama mji umetengeneza mahala pa mapumziko au umetengeneza mkahawa usio na paa, mtafute yeye. Kama hayupo, kuna kitu kimeharibika.

Mji Mkongwe ulilijua jambo hili zamani, kabla halijawa na idara. Tizama nyumba zetu za mawe. Mwenye nyumba alinunua mawe, alinunua chokaa na boriti, akalipa mafundi, halafu nje ya mlango wake, upande wa njiani, akajenga barza. Ile barza alikaa yeye, kweli, na wageni wake. Lakini alikaa pia muuza kahawa akipumzisha dele lake, alikaa mzee aliyechoka kabla hajafika kwake, walikaa watoto wakicheza, na mvua ikinyesha njia imejaa maji, watu walipita juu yake kama daraja. Mwenye nyumba hakumdai mtu. Kumfukuza mtu barzani ilikuwa aibu ya kusimuliwa mtaa mzima.

Kisha neno likasafiri. Barza, au baraza, kile kiti cha mawe, ikawa ni wale wanaokaa pale wakizungumza. Ikawa mkutano. Ikawa Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, Baraza la Manispaa. Fikiri: ile ofisi ambayo kazi yake mojawapo ni kutupa mahala pa kukaa, jina lake ni mahala pa kukaa. Tungelikuwa watu wa kusoma vibao, tusingehitaji semina.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu na "eneo la wazi".

Mchora ramani hana kosa. Anachora nyumba, anachora skuli, anachora msikiti na soko, halafu pale pasipo na jengo anaacha, anapaka kijani, anaandika "eneo la wazi". Ramani inatundikwa. Miaka inapita, anakuja mtu mwengine ofisini, anaitizama ramani ile ile, na macho yake yanasoma neno jengine kabisa. Yanasoma "tupu". Panasubiri. Hapajatumika.

Nilikulia Ng'ambo, na nyuma ya nyumba zetu palikuwa na kiwanja cha namna hiyo. Magoli yalikuwa mawe mawili, mwamba wa goli ulikuwa kelele: mpira ukipita juu tunabishana mpaka mtu mzima atoke. Asubuhi pale wanawake walianika nguo. Mchana wa jua kali palikuwa pa mbuzi. Alasiri palikuwa petu. Harusi ikija, hema lilifungwa pale. Msiba ukija, majamvi yalitandikwa pale, kwa sababu nyumba zetu hazikuweza kubeba watu wa msiba. Siku moja walikuja watu watatu na utepe wa kupimia na mambo za chuma. Walikuwa na karatasi. Mzee wetu mmoja aliyejua kusoma aliiomba, akaisoma polepole, akaturejeshea neno moja tu lililomkaa kooni: kwamba kiwanja hicho hakitumiki. Alisema hivyo huku mpira wetu ukiwa umesimama chini ya mguu wa mmoja wa wale wapimaji. Leo pana ukuta na geti la buluu. Ofisi iliyotoa karatasi siitaji, na kwa kuwa tangu hapo imebadilishwa jina na kugawiwa mara kadhaa, hata ningeitaja nisingelijua wa kumpelekea barua.

Nimelisimulia hilo nipate njia ya kwenda Nairobi, maana wenzetu kule ugomvi huu waliupigana hadharani.

Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta Mei 1969, ubavuni mwa katikati ya jiji: ziwa la kuogesha mashua, nyasi, miti, mahala ambapo karani aliyekosa fedha za chakula cha mchana angeweza kulala chali saa nzima na kurudi kazini kama aliyekula. Mwaka 1989 ikajulikana kwamba humo ndani utajengwa mnara wa ghorofa 60, wa gazeti la chama tawala, ukiwa na ofisi, maduka, maegesho ya magari 2,000 na sanamu ya rais. Ardhi ilikuwapo, ya wazi, katikati ya jiji. Kwa macho yale niliyoyasema, ilikuwa inangoja.

Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, akaanza kuandika barua. Aliandika kwa gazeti lenyewe, kwa ofisi ya rais, kwa tume iliyokuwa ikiendesha jiji, kwa wizara, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Alimwandikia hata Balozi wa Uingereza, kwa kuwa mmoja wa wenye hisa kubwa alikuwa tajiri wa magazeti wa huko, Robert Maxwell, akamtaka afikirie mnara kama ule ukisimamishwa ndani ya Hyde Park, London. Bungeni walimcheka. Rais mwenyewe alimsema hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika anayejua mila huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lake la Green Belt likatolewa kwenye ofisi lililokuwa likizitumia. Yeye akaendelea na barua. Mwisho wafadhili wa nje wakajitoa, mnara ukafutwa, na mwanzoni mwa 1992 uzio uliokuwa umezungushwa ukaondolewa. Mwaka ule ule, kwenye pembe moja ya bustani ile, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa wakagoma kula wakidai watoto wao watolewe. Pale pakaitwa Freedom Corner mpaka leo. Na Agosti 2010, Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi kwenye bustani hiyo hiyo, ambayo ingalikuwa ghorofa ya chini ya mnara.

Si mbali na hapo kuna Jeevanjee Gardens, ndogo, ekari chache tu katikati ya maduka. Mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliitoa kwa watu wa Nairobi mwaka 1906. Mwaka 1991 watawala wa jiji wakaitaka wajenge jengo la maegesho, na familia yake, akiwemo mjukuu wake Zarina Patel, ikasimama pamoja na watu wa mji ikaiokoa. Ukienda pale saa saba mchana utamkuta mhubiri anapaza sauti upande huu, wabishi wa siasa wamekusanyika upande ule, na katikati mtu amelala fofofo na gazeti usoni. Sijui nchi nyengine yenye bunge, kanisa na kitanda ndani ya ekari tano.

Katiba ile ya 2010 ina jambo limenifurahisha. Kwenye Jedwali la Nne, inapoorodhesha kazi za serikali za kaunti, imetaja wazi bustani, fukwe na mahala pa burudani. Ni kazi ya kaunti, imeandikwa, huwezi kusema hukujua. Vimewekwa kwenye fungu moja na maktaba, sinema, leseni za pombe na kamari. Kamari ni ya kwanza kwenye fungu, bustani ya mwisho. Nadhani ni bahati mbaya ya mpangilio tu, lakini ukitizama mabango ya barabarani siku hizi unaweza kudhani kuna mtu aliusoma kama utaratibu wa umuhimu. Na kuandikwa kwenye katiba hakukuizuia Uhuru Park isifungwe mwaka 2021 kwa matengenezo, chini ya mamlaka ya muda iliyoongozwa na jenerali wa jeshi, wananchi wakabaki kwa muda mrefu wakiichungulia kwa nje. Matengenezo yanahitajika, nakubali. Ila barza ikitengenezwa, mwenye nyumba mwungwana huanza upande mmoja ili watu wakae upande mwengine.

Turudi nyumbani. Tuna Mnazi Mmoja. Zamani pale na Darajani lilikuwa hori, maji ya bahari yakiingia na kutoka, Mji Mkongwe huku na Ng'ambo kule. Ndiyo maana Darajani panaitwa hivyo na daraja hulioni. Hori likafukiwa kidogo kidogo. Wakoloni wakapageuza viwanja vya michezo, kila watu na chao, Wazungu na gofu na tenisi yao, na ule uwazi ukafanya kazi ya pili waliyoipenda zaidi, ya kuutenga mji na mji. Leo timu zinacheza, watoto wa skuli wanapita njia ya mkato, na bahari ikijaa sana ardhi inakumbuka ilikuwa nini, inalowa kutoka chini bila mvua kunyesha. Ofisi yoyote inayopanga kupanda nyasi pale na ianze kuzungumza na bahari.

Sasa, mwenye barza, yaani mji, afanye nini? Nitasema yale tu ninayoyaona kwa macho.

La kwanza ni choo. Nimehudhuria mikutano ya bustani ambapo tulizungumza rangi za maua saa mbili, na choo kikatajwa mtu mmoja akiwa ameshasimama kuondoka. Bustani bila choo ina muda wake maalumu, na muda huo ni mfupi zaidi kwa mwanamke. Mwanamme asiye na haya atageukia ukuta. Mama yule wa mkate wa kumimina, mtoto wake akisema "mama nataka choo", ama ana mia kadhaa za kumpa mlinzi wa choo, ama anafunga chupa yake na kwenda zake. Watoto watatu, mara moja moja kila mmoja, ile jioni ya bure imeshakuwa na nauli. Kama mji hauwezi kufanya kitu kingine chochote, ufanye choo, ukisafishe, na usikikodishe.

Taa ni vivyo hivyo. Wanawake na watoto hukaa mpaka pale mwanga unapokwisha, hawavuki. Taa tatu zikifa, umefupisha bustani kwa hatua hamsini bila kutoa tangazo.

Kisha kuna jambo gumu, wauzaji. Huwezi kuwaondoa na hufai kuwaondoa. Coco Beach ya Dar es Salaam bila muhogo wa kukaanga na pilipili ni mchanga mtupu. Na kwa ofisi, muuzaji ndiye mtu pekee pale anayeonekana kwenye daftari. Analipa ushuru, ana leseni, ana namba ya meza. Kwa hivyo kila mwaka wa fedha ukiwa mkavu, jibu ni kuongeza meza. Meza inazaa viti. Viti ni vya wateja. Nilimwona mzee mmoja amekaa kwenye kiti cha mawe, kiti cha mji, kilichojengwa kwa fedha ya umma, kijana wa meza ya jirani akamwendea kwa adabu kabisa: "Shikamoo babu, samahani, hapa kuna wateja wanakuja." Mzee akasema marahaba, akanyanyuka, akakaa ukutani. Hapakuwa na ugomvi. Kijana hakuwa mbaya, anatafuta riziki. Lakini pale pale hatua mbili za mji zilihamia kwenye biashara, na hakuna kikao kilichopitisha.

Na hapa ndipo lile swali langu linaporudi. Ofisi ikikaa kugawa bajeti, Forodhani ya wauzaji ina tarakimu: meza kadhaa, ushuru kadhaa. Forodhani ya mama na mzee haina. Umoja wa Mataifa nao umeweka lengo, namba 11.7, kwamba kufikia 2030 kila mtu, hasa wanawake, watoto, wazee na wenye ulemavu, awe na mahala pa wazi palipo salama. Na kipimo kinachotumika zaidi ni sehemu gani ya mji iliyo wazi kwa umma. Kinapima ardhi. Hakikwambii kama mzee alikaa au alinyanyuliwa.

Siombi geti wala tiketi, Mungu apishe mbali. Lakini kijana mmoja na daftari, wiki moja tu, ahesabu saa kumi, saa moja usiku na saa nne: wangapi wamekaa, wangapi watoto, wangapi hawana sahani mkononi. Gharama yake ni posho ya kikao kimoja. Siku mtu akija na utepe na mambo za chuma na karatasi inayosema hapatumiki, daftari hilo likae juu ya meza.

Kabla sijaandika mazungumzo haya nilikwenda Forodhani alfajiri, baada ya sala, kuwaona wanaofagia. Bustani saa hiyo inanuka mkaa uliokufa na ndimu. Bi mkubwa mmoja alikuwa na ufagio wa chelewa na gunia, ameinama, anakwenda kwa mistari kama anayelima. Nikamwamkia, nikamuuliza jana watu walikuwaje. Hakufikiri. Aliinua gunia akalipima kwa mkono.

"Jana kidogo," akasema. "Vijiti vya mishkaki havijafika nusu. Siku za Idd, mwanangu, magunia matatu, na mgongo huu."

Nikamuuliza na wale wanaokaa ukutani, wasionunua, hao anawajuaje. Akanionyesha ukingo wa bahari kwa ncha ya ufagio. Pale wanapokaa palikuwa pameng'ara, pamelainika kuliko kwengine, umande umelala juu yake.

"Hao siwafagii," akasema. "Hao hawaachi kitu." Akaendelea na mstari wake.